Nilichokosea ni Jeti

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata asubuhi ya harusi yangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimechuchumaa mbele ya karakana ya baba yangu pale Kayanga, mikono imejaa oili, ndipo Mzee Petro akaingia bila hodi. Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu, na kwa muda mrefu alikuwa akimwambia baba kwamba binti anayepanda pikipiki kwa kutanua miguu anatutia aibu sote. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akiitazama pikipiki, mimi hakunitazama.

Alikuwa na shida. Dada yake, mjane wa kule Isingiro, alikuwa na kesi ya kibanja, shamba lake la nyumbani, siku ile ile. Shemeji zake walikuwa wameng'oa miti ya mpaka, wakadai nusu ya migomba na kahawa yote. Kati ya walioshuhudia mpaka ule ukiwekwa, aliyebaki hai ni Mzee Petro peke yake. Baraza lilikuwa linakaa saa sita mchana, na lori alilolitegemea halikuja. Baba naye alikuwa Bukoba, amekwenda kutafuta ringi za pistoni. Nilibaki mimi.

Sasa nikueleze kuhusu pikipiki yenyewe, maana kosa langu lilikuwa humo. Baba aliinunua kwa Mzungu mmoja wa machimbo ya bati aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa tustroki, zile ambazo oili yake huchanganywa humohumo kwenye petroli. Kwa vilima vyetu ilikuwa dhaifu, kwa hiyo mimi na baba tuliipanua njia ya kutolea moshi kwa tupa, tukaifungia ekzosi pana tuliyoitengeneza wenyewe. Ikaanza kuvuta hewa nyingi kuliko ilivyoundwa. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Ndiyo maana baba alichukua jeti, kile kipande kidogo cha shaba ndani ya kabureta kinachopima petroli, akalipanua tundu lake kwa keekee nyembamba kama sindano. Alipokuwa anaondoka alinikataza kuigusa.

Niliigusa. Kwa jeti ile kubwa injini ilikohoa kidogo ikiwa baridi, na vijana wa sokoni walicheka, wakasema pikipiki ya yule binti ina kifua. Nikairudisha jeti ya zamani yenye tundu dogo. Mlio ukawa mkali, wakanyamaza. Asubuhi ile nilipofungua plagi, ile inayowasha petroli kwa cheche, ncha yake ilikuwa nyeupe kama chokaa, na baba alikuwa amenifundisha maana yake. Plagi ya kahawia, kama kahawa iliyokaangwa, injini inakula vizuri. Nyeusi yenye majimaji, imevimbiwa. Nyeupe, ina njaa na inajichoma yenyewe. Nilijua haya yote. Niliifuta kwa kanga, nikaifunga, nikamwambia Mzee Petro apande.

Alishika kiti kwa mikono miwili, hakutaka kunishika kiuno. Tulikwenda vizuri mpaka kilima kirefu cha mwisho. Katikati ya mlima nguvu ilipungua, kisha pistoni ikang'ang'ania ndani ya silinda na gurudumu la nyuma likakwama ghafla. Tukaanguka. Mzee Petro alichubuka kiwiko na goti. Alijiinua, akakung'uta koti, akaniambia neno moja tu, "Nilisema." Akaondoka kwa miguu, anachechemea.

Alifika watu wakiwa wametawanyika. Baraza lilikuwa limeahirisha kesi hadi mwezi uliofuata, na yule mjane akakatazwa kuchuma mpaka iamuliwe. Kahawa iliyoiva ikamkaukia juu ya matawi naye anaitazama. Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunigombeza. Alinipa ndizi nile, na ile huruma yake iliniumiza kuliko matusi.

Baba aliporudi alifungua silinda, akaigeuza pistoni mkononi. Ilikuwa imechunika ubavu mzima. Akaniuliza plagi ilikuwa na rangi gani.

"Nyeupe, Tata."

"Uliiona kabla ya kuondoka?"

"Niliiona."

"Basi injini haikukudanganya," alisema. "Ilikwambia ukweli, wewe ukaufuta kwa kanga."

Jumapili wazee wa kanisa wakatuita baada ya ibada. Walisema ajali ile ni jibu la Mungu, niache karakana, nitafutiwe mume. Baba alitaka kusema. Nilimwomba anisubiri, nikasimama.

"Wazee wangu," nikasema, "niliweka jeti ndogo nikijua ni ndogo. Nimemwumiza Mzee Petro, nimemkosea na dada yake. Kwa hayo nihukumuni. Lakini nilichokosea ni jeti. Kuzaliwa msichana sikukosea, na karakanani sitoki."

Mmoja alisema sina adabu. Nikawaaga mmoja mmoja, nikatoka. Nje nilikimbia hadi nyumbani, usidhani nilikuwa jasiri kiasi hicho.

Tulipata pistoni nyingine, imetumika lakini nzima. Nikaanza upya na jeti ile ndogo, nitafute mwenyewe tundu lisilokohoa wala kuunguza. Nilipanda kilima cha upande wa Rugera kwa nguvu zote, katikati nikazima injini, nikafungua plagi ingali ya moto. Bado nyeupe. Nikarudi, nikalipanua tundu kidogo, nikapanda tena. Vidole viliungua hadi nikashindwa kushika kijiko. Siku ya tano ikatoka kahawia.

Asubuhi ya kesi nilikwenda kwa Mzee Petro na plagi ile kiganjani. Nikamwambia radhi nilikwishaomba, leo nimekuja kumpeleka Isingiro. Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga.

"Rangi inayotakiwa ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Akavaa koti. Tulifika baraza halijaanza, akaeleza mti baada ya mti, na kufikia jioni dada yake alikuwa na kibanja chake chote. Mpaka anakufa Mzee Petro hakutamka kwamba mwanamke anaruhusiwa kupanda pikipiki. Lakini ya mwanawe ilipoharibika, ililetwa kwangu, na barua fupi ya adabu.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Watakwambia kazi hii si yako. Usitoke. Ila usiifanye ili kuwakomesha wanaocheka, maana hapo ndipo utakapoona nyeupe na kujifanya hujaona, na atakayeumia ni mtu asiye na hatia. Ukikosea, taja kosa lako kwa jina lake, lilipe, liishie hapo. Wakitaka kukuongezea dharau juu yake, irudishe kwao.

Mungu akupe mikono mitulivu na macho yasiyokwepa ukweli. Na wanaokukataa leo, awafikishe siku moja mlangoni pako na pikipiki zao, uwatengenezee vizuri. Amina.