Ardhi Ilipokimbia Chini ya Bawa

Nakumbuka kosa langu kubwa la kwanza, mwanangu. Niliiamini ardhi kuliko kipimo cha mwendo kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kampuni binafsi zikianza kuleta ndege ndogo. Nilikuwa rubani msaidizi, mgeni kazini. Mambo ya upepo nilijifundisha mwenyewe chumbani kwangu mtaa wa Mfaranyaki, Songea, kwa vitabu vilivyokwisha kutumika. Kila kona ya ndege niliichora karatasini kwa rula. Nisichokielewa sikumuuliza mtu, niliona aibu.

Siku ya kosa hilo tulimchukua Tunduru mama aliyeshindwa kujifungua, tumpeleke hospitali Songea. Karibu na uwanja wa Songea, Mzee Komba, rubani mkuu, aliniachia usukani. Nilipokata kona, upepo ukawa nyuma yetu. Mashamba ya mahindi yakakimbia chini ya bawa, nami nikadhani tunakwenda kasi mno. Nikapunguza nguvu ya injini. Upepo ukatusukuma kupita mstari wa kutua. Nikailaza ndege ubavu zaidi ili kona yangu isiharibike. Honi ya tahadhari ikalia: mwendo ulikuwa mdogo mno, ndege karibu ianguke. Nyuma yangu yule mama alikuwa akiguna kwa uchungu.

Mzee Komba alishika usukani, akashusha pua ya ndege, akanyoosha mabawa, akaongeza nguvu. Tukazunguka tena, akatua mwenyewe.

Gari la hospitali lilipoondoka na yule mama, nilisema, "Nisamehe, Mzee. Sikujua."

"Ulikuwa unarusha ndege au mahindi?" Kisha akaniuliza, "Ukitembea ndani ya basi la Madaba, ukageuka, hatua zako zinabadilika?"

"Hapana, Mzee."

"Basi ndege imo ndani ya upepo hivyo hivyo. Upepo usiobadilika hauipunguzii mwendo kwa kuwa imegeuka. Uliupunguza wewe, kisha ukailaza, ikahitaji mwendo zaidi. Na pale chini hukuwa na kimo cha kushuka ili uurudishe. Upepo unaobadilika ghafla ni habari nyingine. Huo uwekee akiba ya mwendo."

Jioni tulipata habari kwamba mama amejifungua salama. Nililia, na haikuwa furaha peke yake.

Mwanangu, nawe sasa unapoanza kurusha ndege, soma kipimo. Kona ikiharibika, iache, zunguka upya. Na usilolijua liulize kabla hujabeba watu. Mungu akujalie kushuka salama na wote uliopanda nao.

Mimi tangu siku ile, nisipojua, nauliza.