Raya, Rudisha Kitabu!

Nichekeni tu, nimestahiki. Miaka yote maktabani hapa Mkoani sheria yangu ni moja: kitabu kimoja, msomaji mmoja. Tulipofundishwa kuwapa wanafunzi vitabu vya mtandaoni, nikamfungulia Raya wa kisiwani Makoongwe kitabu cha Bayolojia kwenye simu yake, akaenda nacho kwao.

Kesho yake wenziwe wakakitaka.

"Kimeazimwa," nikawaambia. "Subirini."

Wakakaa kwenye benchi, na mtihani huo unakuja. Nikampigia Raya kwa ukali: "Mwanangu, wenzio wanangoja. Panda mashua ukirudishe kitabu!"

Akaja maskini, buibui limeroa maji ya chumvi. Mwalimu wetu wa mafunzo naye alikuwa kasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Salma." Raya akanikabidhi simu yake kwa mikono miwili. "Nimekirudisha. Nikuachie na chaja?"

Mwalimu akaangua kicheko. "Bi Salma, kitabu hicho Pemba nzima inaweza kukisoma kwa pamoja!"

Benchi zima likatoa simu, nyuso zimechangamka. Mimi nimebaki mkono juu, nimeshika muhuri wa "Kimerudishwa".