Kulungu Waliomnyima Mjomba Biriani

Mjomba wangu wa Missouri City alitangaza kwenye group la familia kwamba Jumapili tutakula biriani ya kulungu. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameshakata leseni ya kuwinda na kununua koti la wawindaji la rangi ya machungwa lililomfanya afanane na koni ya barabarani.

Baba akamjibu palepale: "Shemeji, ukirudi na nyama, sufuria naosha mimi. Ukirudi na hadithi, unaosha wewe, mbele ya wageni."

Sufuria yenyewe ni ile ya harusi, mtu mzima anaoga ndani. Nikaomba kumsindikiza Mjomba, maana jambo kama hilo linataka shahidi.

Tuli-drive mpaka kwenye shamba la mzee mmoja anayefahamiana naye kazini, tukajibanza kwenye kibanda cha mbao. Kwangu mimi kunyamaza ni adhabu, ila nilijikaza mpaka kundi likatokea, karibu kabisa.

"Mjomba, hao hapo! Piga!"

Akaangalia kwenye darubini ya bunduki. Akaangalia weee. Halafu akaishusha.

"Hawa wana nini?"

"Wana miguu minne, Mjomba. Piga."

"Hebu tazama mgongo wa yule jike." Zamani Mjomba alikuwa akinunua mbuzi mnadani kule Handeni, kwa hiyo mnyama humwanzia nyuma, kama anayekagua gari la mtumba. "Nyonga nje nje. Msimu huu walitakiwa wawe wamenona, manyoya yanang'aa. Huyu kama kapeti la nyumba ya kupanga."

Nikachukua darubini yangu ya mkononi. Kweli, mbavu zilionekana moja moja. Kisha nikaona miti: majani yameisha kote mpaka pale shingo zao zinapofika, sawasawa, utadhani kapita kinyozi. Wengine walitafuna mti wenye majani kama sindano, ambao mwenye shamba alituambia hawaugusi wakiwa na cha kula. Majike kibao, mtoto mmoja tu.

"Watoto wako wapi?" Safari hii sikuwa natania.

"Hapo sasa, mwanangu."

"Lakini ukipata mmoja tu, Baba anaosha."

Nina hakika aliiona ile sufuria kichwani. "Niwalishe wageni mifupa? Tena hawa wenyewe hata hawazaani." Akatoa risasi kwenye bunduki.

Tulipomweleza, mwenye shamba alibisha kwanza. Anawaona kila siku, wamekonda mbele ya macho yake bila yeye kushtuka. Tulipomwonyesha miti, akavua kofia, akasema atawaita watu wa wanyamapori, maana kundi limezidi chakula.

Jumapili tukala kuku. Mjomba akakunja mikono ya kanzu, Baba akavuta kiti mbele kabisa. Wageni walikuja kucheka, wakaishia kuuliza maswali. Mjomba, mapovu mpaka viwikoni, akawaeleza habari ya migongo, miti na watoto wasioonekana.

Baba akavumilia, akashindwa, akainuka na steelwire.

"Sogea, Shemeji, huku chini hujasugua."

Mjomba akampisha kwa heshima zote, akafuta mikono, akaingia ndani kunywa chai. Hakutoka tena.