Oili ya Krismasi

Mwezi uliopita, katika kuzurura kwangu, nilishuka Majengo nikapita mbele ya gereji moja. Harufu ya oili chafu ikanifikisha nyumbani kabla sijapanda mlimani kwetu.

Unajua Desemba ilivyo huku kwetu. Ndugu wanarudi kutoka Dar na magari yao, na nani anataka wageni wale vumbi? Baba alikuwa fundi magari. Mwaka mzima alikusanya oili chafu kwenye pipa nyuma ya banda la ng'ombe, na wiki ya Krismasi tukaimwaga uani na njia nzima hadi barabarani. Ardhi ikang'aa nyeusi. "Kwetu kuna lami," niliwatambia wenzangu.

Masika yaliiosha ikateremka kwa jirani, mama mjane mwenye bustani ya mnafu chini ya migomba. Kila Jumamosi alitupandishia fungu, tukalila na kiburu, uchungu wa mboga juu ya ndizi na maharage. Maji ya rangirangi yakipita kwenye matuta yake, aliita tu kutoka kule chini, "Leo mmeosha nini huko juu?" Tulicheka.

Basi safari hii bwana shamba alinisimamisha njiani. Udongo wa bustani ile ulipimwa, ukakutwa na risasi na madini mengine mazito, masalia ya oili yetu. Mboga zake zisiliwe tena. "Mwambie wewe," alisema. "Mimi atanifukuza."

Nilimkuta ameinama anachuma, mjukuu wake akichezea udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ala, mzururaji! Huko unakozunguka hawapiki? Shika mnafu huu, uongeze damu."

Nikamweleza yote, na sumu ilikotoka, macho yangu chini. Akamwinua mtoto, akamfuta viganja kwa khanga, kimoja kimoja.

"Baba yako alijua?"

"Hapana, mama. Hatukujua."

"Huyu nimemlea kwa mboga hizi. Sasa nipande wapi?"

Kihamba chake, shamba la ukoo, ni hicho kimoja. Akaanza kung'oa mnafu; nikainama kando yake nikang'oa nami.

Mengi ya wakati ule yamekwenda: baba, ng'ombe, na tangu siku ile, bustani. Miaka yote nilidhani oili yetu nayo ilikwenda na maji. Kumbe maji yalikwenda peke yake.