Ufunguo wa Shemeji

Dada yangu ni fundi vitasa. Kibanda chake ni kidogo, ukiingia wewe lazima atoke yeye, lakini humo amewatoa watu wengi kwenye matatizo, hata bibi mmoja aliyefungia funguo zake zote ndani ya kabati. Mkono wake haukosei. Nasema hivyo ili ujue nilivyoshtuka baadaye.

Yeye na shemeji walipoachana, nilidhani yameisha. Kumbe nyumba ilikuwa na majina mawili kwenye hati, na mkopo wa benki majina hayohayo mawili, na miaka kumi na moja ya kulipa bado. Wiki mbili hazijapita, dada akarudi mchana akamkuta shemeji amekaa kwenye kochi. Shemeji hakumtukana, hakumgusa. Alimkodolea macho mpaka akachoka mwenyewe, akasema, "Ni nyumba yangu pia," akaenda zake. Akaja tena, na tena. Dada akaanza kuogopa sebule yake. Siku ya nne akabadilisha kitasa, maana ndiyo kazi anayoijua.

Shemeji akakasirika, akaacha kulipa nusu yake. Ikaja barua ya benki: miezi mitatu ya deni, lisipolipwa nyumba inauzwa. Dada alikuwa tayari kuubeba mkopo peke yake, na benki ilikubali, mradi shemeji asaini kujitoa. Tukampigia mpaka vidole vikauma. Akajibu kwa ujumbe: "Nipe ufunguo wa kitasa kipya, nitasaini."

Mwanasheria hakutusaidia. "Mpaka jina lake litoke kwenye hati, ana haki ya kuingia kama wewe, na huruhusiwi kumfungia nje," alisema.

Nilikuwepo dada alipouchonga huo ufunguo. Wa kwanza akauharibu. Wa pili pia. Sijawahi kuona.

"Dada, mbona unaharibu?"

"Namchongea mtu njia ya kuingia kwangu. Nisiharibu?"

"Basi mpe huo ulioharibika! Kwani atajuaje?"

"Ataujaribu kwanza. Ukikataa, hasaini, na nyumba ndiyo imekwenda."

Kweli, akaujaribu. Mlango ukafunguka vizuri tu, akatabasamu. Tukaongozana naye benki. Njia nzima alinitania kwamba nimenenepa, nami nikacheka kama mjinga, kwa woga. Akasaini kila palipotakiwa, akautia ufunguo mfukoni, akaupigapiga kwa kiganja.

Alipoondoka, dada alimwuliza mama wa benki, "Jina lake limeshatoka?"

"Bado. Hati inachukua wiki sita."

"Na ufunguo aliochukua?"

"Hayo sasa ni yenu wenyewe, dada."

Tukarudi nyumbani. Mlangoni nilisubiri afungue, maana jua lilikuwa kali na ufunguo alikuwa ameushika mkononi. Hakufungua. Alibisha hodi, kwa sauti ya mgeni, kwenye nyumba anayoilipia, kisha akabandika sikio mlangoni. Nilitaka kumwambia aache utoto. Sikuweza, kwa sababu nami nilikuwa nimetega sikio, nikiomba asiwepo mtu ndani wa kutuitikia, "Karibu."