Siku Niliyolinda Chungu cha Mama

Nilipokuwa mtoto niliwahi kukaa kimya tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na kimya hicho ndicho kilichonipa jina zuri kwetu. Hata leo nikipanda kijijini, kule milimani juu ya Hedaru, wapo wazee wanaoipokea shikamoo yangu kwa kusema, "Marahaba, mlinzi." Nacheka tu. Sifa usiyoistahili ukitaka kuirudisha, utamrudishia nani?

Mtu anijuaye sasa hawezi kuamini. Nina mgahawa mdogo karibu na stendi ya Same, na wateja wangu husema kwamba kwa Nakiete supu ni ya bei moja na maneno ni ya nyongeza. Ni kweli naongea mno. Nina sababu yangu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na sheria zake kuhusu mwanamke aliyejifungua. Sijui kama zilikuwa za Wapare wote au za ukoo wake peke yake, maana kwetu hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mzazi hatoki nje mpaka siku arobaini ziishe. Supu yake inapikwa kwa mizizi, ndani ya chungu, na chungu hicho kinawekewa mlinzi: binti wa kumzaa mwenyewe, ambaye hajavunja ungo. Mlinzi anachochea kuni na haongei. Tangu moto unapowashwa mpaka mzazi ameze funda la mwisho, neno lisimtoke. Likimtoka, nguvu ya mizizi inatokea mdomoni mwake, na damu ya mzazi inaifuata.

Bibi hakulisema hili kwa kututisha watoto. Lilikuwa limemfika. Binti yake wa kwanza, shangazi Nanzia, alifariki siku ya sita baada ya kujifungua, na nyumba nzima ilijua kwa nini. Mlinzi wake, mtoto wa miaka minane, aliitwa na mtu kutoka njiani, naye akaitika, "Abee." Basi, hilo tu. Yule mtoto alikua, akaolewa huko Kihurio, na sikumbuki hata siku moja amekuja kututembelea.

Mimi nilikuwa na miaka tisa mama alipomzaa mdogo wangu, Elia. Baba alikuwa akifanya kibarua na Wachina waliokuwa wanajenga barabara kule chini tambarare, na siku ya nne akanichukua niende naye kambini kupokea kuku. Kuku alikuwa zawadi ya mpishi wao. Mpishi huyo alikuwa mzee mwembamba, mtu wa upande wa Kanton, kusini kabisa mwa nchi yao. Baba alisema wenzake walikuwa wakimtania kwa sababu kwao mtu hali mpaka kwanza anywe supu. Na supu zake zilikuwa za saa tatu nzima. Kuku mzima, tangawizi, tende ndogo nyekundu, kisha anatia kipande cha mzizi, anafunika, anapunguza moto mpaka unasikia chungu kinaguna tu. Harufu yake ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja. Niliipenda mara moja, na nilijisikia vibaya kuipenda, maana mizizi ya Bibi sikuwahi kuipenda.

Baba alipomweleza kwamba mkewe amejifungua, mzee alifurahi sana. "Mama lala," alisema kwa Kiswahili chake. "Mwezi moja. Hapana toka nje." Baba akastaajabu kwamba kumbe hata kwao ni hivyo hivyo. Mzee akaingia ndani, akarudi na mzizi mzima wa rangi ya udongo, wenye kichwa kinene na vidole vingi chini. Wakati huo huo fomani wa kazi akamwita baba nje. Nikabaki na mpishi. Alichukua kisu, akaukwaruza ule mzizi kwa ncha kuonyesha kipande chembamba tu, kisha akainua kidole kimoja mbele ya macho yangu. "Chungu moja, hii moja. Kesho, ingine moja." Alirudia mpaka nami nikainua kidole, ndipo akaridhika, akanifungia mzizi kwenye gazeti.

Njiani nilimwambia baba kwamba mzee amesema utiwe kidogo kidogo. Baba alikuwa amebeba kuku begani na mlima umemkaba pumzi. "Utamwambia Bibi yako," alisema. Tulifika Bibi ameshalala. Baba akauweka mzizi juu ya kabati, alfajiri akashuka kazini.

Asubuhi Bibi aliniamsha, akaniosha uso, akanikalisha kwenye kigoda mbele ya mafiga. Akanitia punje ya hindi chini ya ulimi, ili nikitaka kusema nikumbuke. Akawasha moto. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote, kwa kuwa pembeni niliona mizizi yetu ya kawaida, ile aliyoichimba mwenyewe, imefungwa kitita. Nilidhani ule wa Mchina ungesubiri siku nyingine, na mimi ningekuwa nimeshapata nafasi ya kusema.

Kuku alipoanza kuchemka, Bibi alitoka, akarudi na lile gazeti. Akaufungua mzizi, akaunusa, akaguna. "Wachina nao wana akili," alisema. Kisha akauosha na kuutumbukiza wote ndani ya chungu, mzima mzima.

Hapo alifanya kama alivyofanya miaka yote. Mizizi yetu inachemshwa kitita kizima, na inaongezewa maji mpaka siku ya tatu, na mzizi uliokatwa na kisu kwake ulikuwa umeshakufa. Tena dawa ya mzizi ambayo haijapikwa hailali nyumbani kwa mzazi usiku wa pili. Hakuwa mzembe. Alikuwa anautendea mzizi wa watu heshima aliyoijua.

Nilisimama. Nikamvuta kitenge. Akageuka, na mimi nikainua kidole kimoja, nikakielekeza kwenye chungu, nikakiinua tena.

"Ndiyo, kuku ni mmoja," alisema Bibi. "Acha tamaa. Utalamba mifupa."

Nikatikisa kichwa. Nikashika mwiko ili niuopoe ule mzizi, naye akanichapa mkono, si kwa nguvu, akauchukua mwiko na kuufutika kwenye nyasi za paa ambako sikuufikia. Akafunika chungu. "Cha mzazi hakifunuliwi. Kaa."

Nikakaa. Hata sasa, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, sijui ni mahali gani pengine nimewahi kubanwa kama pale. Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa nje, mbuzi wa jirani walikuwa wanakula majani ya migomba yetu, na hakuna aliyenifunga kamba. Lakini nikisema, mama anakufa kama shangazi Nanzia. Nisiposema, ananywa mzizi wa siku kumi kwa bakuli moja, na yule mzee aliniangalia machoni akanifundisha mimi, si mtu mwingine. Niligeuza ile punje chini ya ulimi. Nilijaribu kupima kifo kipi kina hakika zaidi. Kile cha shangazi nilikuwa nimekisikia tangu nizaliwe. Cha Mchina nilikuwa na kidole kimoja tu cha ushahidi. Nilikuwa na miaka tisa, nikachochea kuni.

Supu iliiva saa sita. Harufu ilikuwa kali mpaka macho yakawasha. Sheria ilitaka mlinzi apeleke bakuli mwenyewe, basi nikalibeba mpaka chumbani, Bibi akinifuata nyuma. Mama alikuwa ameketi kitandani, Elia yuko kifuani. Bibi alisimama mlangoni akaegemea mwimo. Nilimtazama mama kwa macho yangu yote. Nilimsihi kwa macho asinywe. Mikono ilinitetemeka supu ikanimwagikia vidoleni, ikaniunguza, na bado sikutoa sauti.

Mama aliniangalia kwa muda. Kisha akapokea bakuli, akanywa. Alikunja uso, akapumua, akanywa tena, mpaka akaligeuza chini juu kumwonyesha mama mkwe wake kwamba limekwisha.

"Haya, mlinzi, sema sasa," alisema Bibi.

Nilitema punje. Na mimi, niliyekuwa na maneno yamenijaa tangu asubuhi, sikuliona hata moja. Nilisema, "Shikamoo, mama."

Alasiri damu ilianza kumtoka. Mwanzoni Bibi alisema ni uchafu unatoka. Kisha akaona godoro, akapiga yowe lililowatoa watu mashambani. Wanaume walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakamshusha mama kwa miguu mpaka ilipoishia barabara ya gari, na huko wakapata pikapu iliyobeba tangawizi. Bibi alishuka nao peku, kanga ikiburuzika, akiniambia mimi nibaki na mtoto. Nilibaki, na jirani aliyekuwa ananyonyesha akawa anakuja kumpa ziwa. Nilikaa na Elia mapajani nikawa naongea naye bila kukoma, nikimweleza habari ya kidole kimoja, maana ndiye peke yake ambaye asingeweza kumwambia mtu.

Mama alirudi baada ya siku kumi na mbili, amekonda, akiwa hai. Hospitali walisema kipande cha kondo la nyuma kilibaki tumboni. Kuhusu mzizi hakuna aliyemuuliza daktari, kwa kuwa aliyejua kuna la kuuliza nilikuwa mimi. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Mchina mmoja muuza dawa, akaniambia mzizi ule unaisukuma damu, na kwa mwanamke anayevuja si mzuri ukizidi. Kwa hiyo labda ni kondo, labda ni supu, labda vyote. Sitajua.

Nilichojua ni jambo moja tu, kwamba sikusema, nalo lilinikaa miaka. Jioni ile mama aliporudi, Bibi aliita majirani, akanisimamisha katikati yao. "Huyu mtoto ana kifua," alisema, machozi yakimtoka. "Damu ilitaka kumchukua mama yake kama ilivyomchukua Nanzia wangu, ikashindwa, kwa sababu huyu hakufungua mdomo." Akanikumbatia mbele ya watu. Ungekuwa wewe, ungesema nini? Nilinyamaza tena, na safari hii hakukuwa na punje.

Bibi alishafariki, Mungu amlaze pema. Mwaka huu mke wa Elia amejifungua, na mama akanipigia simu nimpeleke binti yangu, mwenye miaka minane, akalinde chungu. Mtoto wao ni wa kwanza, alisema, hana dada, basi wa shangazi atafaa. Nilifunga mgahawa nikapanda naye. Lakini tulipofika nilimvuta mama kando, nyuma ya jiko, nikamwambia yote. Mpishi, kidole, mwiko. Nilimwambia, "Nilijua, mama. Nilijua na nikakuletea bakuli." Nililia vibaya, mtu mzima na kilemba changu.

Mama hakushtuka. "Niliona," alisema. "Hukuwa mtoto wa kutetemeka. Ulipoingia vile nikajua supu ile ina jambo."

"Sasa mbona ulikunywa?"

"Mama mkwe amesimama mlangoni, Nakiete. Amemzika mwanawe. Mimi mke wa watu, nitamwambiaje chungu chako sikitaki?" Akaniangalia. "Nikajisemea, nikifa nimekufa."

"Na miaka yote hii hukuniambia."

"Nilidhani unaipenda ile sifa."

Tulikaa pale juu ya magogo. Siku zote niliamini kwamba katika chumba kile aliyefungwa mdomo ni mimi peke yangu. Kumbe tulikuwa watatu, na yule wa mlangoni, ambaye nilimwogopa na kumlaumu moyoni mpaka nilipomzika, labda ndiye aliyekuwa amefungwa zaidi. Alikuwa analinda chungu cha Nanzia, miaka mingi baada ya Nanzia kuondoka. Nilimsamehe pale pale. Kujisamehe mwenyewe bado naendelea.

Mama akainuka, akamwita binti yangu. "Wewe nenda kacheze na wenzio," alimwambia. "Chungu nitakiangalia mwenyewe." Moyo wangu ukatulia. Nikaona yamekwisha.

Akawasha moto, akatia kuku na tangawizi, akaketi kwenye kigoda. Nilimuuliza kama niongeze chumvi. Akatikisa kichwa. Nilimuuliza kama kuni zitatosha, naye akaonyesha kwa mkono kwamba zitatosha. Nikamtazama vizuri, midomo yake imebana, macho kwenye moto. Sikuuliza mara ya tatu. Nilivuta gogo nikakaa kando yake, na mimi nikanyamaza, mpaka mke wa Elia alipomaliza bakuli.