Mkulo Aliouona Kupaza

Usiku ule nililala nimenuna, mimi mwenye nyumba ya matofali na malori mawili, kwa sababu ya kisu kidogo cha mwanamke.

Jioni yake shemeji Zaina, mjane wa rafiki yangu Kupaza, alisimama mbele ya wageni wa mradi, akakwangua gome la mti kwa kisu hicho, akanusa, akataja ni mti gani. Watu wazima waliosoma wakaandika. Zaina huyu huyu aliyekuwa akituletea uji shimoni, enzi hizo mimi na Kupaza tukipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Mimi juu ya gogo, yeye chini shimoni. Mradi ulipokuja kufundisha wanakijiji utafiti na utunzaji wa msitu, nilikwenda siku moja, nikaondoka. Nifundishwe miti, mimi? Niliishia darasa la nne, lakini msitu huu ndio ulionijenga. Wakamfanya Zaina mkuu wa kundi.

Kundi lake lina shida moja. Misimu miwili wanatafuta mti wa mkulo wenye mbegu, hawaupati. Bila mbegu, kitalu cha miche cha mradi kitahamishiwa kijiji cha pili, na mafunzo yataondoka nacho. Mimi naujua ulipo. Nilikaa kimya, na kimya kile kilikuwa kitamu kama asali.

Basi nikalala. Niko shimoni. Unga wa mbao unanidondokea machoni, unanukia kafuri kama unukiavyo mkulo. Natazama juu: Kupaza, aliyekwisha kuzikwa miaka mingi, ameshika mpini wa juu. Nikamwambia hapo ni pangu, chini ni pake, asijisahau. Alivuta msumeno taratibu, ile pumzi yake ya kikohozi ikishuka pamoja na unga.

Halafu hakuna msumeno. Ameshika futi ya Zaina, ile ya kupimia miti usawa wa kifua, ananizungushia mimi. Nikajivimbisha nionekane mnene. Akasoma, akatikisa kichwa, akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Mbao mbili," akasema. "Na moja ina tundu."

Shimo limekuwa kitalu. Viriba vimepangwa mpaka ng'ambo ya kilima, vina udongo, havina mche hata mmoja, na Zaina anavimwagilia kimoja kimoja bila kuchoka. Nataka kucheka. Kinywani unanitoka unga.

Kupaza amesimama nyuma ya mkewe, hamgusi. Uso wake ni ule wa siku tulipoufikia ule mkulo, bondeni, nyuma ya jiwe lililopasuka. Yeye ndiye aliyetangulia. Mimi nilipofika nilianza kuhesabu mbao zake kabla hata sijatua shoka. Yeye aliokota tunda chini, akalifuta kwa shati, akaniomba huu tuuache, huu ni mama. Tukauacha. Tangu afariki nimekuwa nikijiambia niliuona mimi, mpaka nikaamini.

"Unadhani unamwonea wivu mke wangu," akasema. "Kumbe ni mimi."

Nikataka kubisha. Ulimi mzito, umejaa unga.

"Mpeleke. Na umwambie nani aliuona."

Hilo la pili ndilo lililoniuma. Kumpeleka ningeweza, ningekwenda mbele kama mwenye msitu, wageni nyuma yangu, na kalamu zao zingeniandika mimi. Namtafuta Kupaza nimsihi tupatane, namkuta ameshika tena mpini wa chini, kichwa kimejaa unga mweupe, ananingoja nivute.

Nikazinduka. Majogoo wanawika, mdomo umekauka, harufu ya kafuri ingali puani. Nikavaa mabuti ya mpira, nikashika njia ya kwa Zaina. Njiani nilipanga maneno mazuri, yote yakianza na mimi.

Alifungua mlango, kanga begani. "Shemeji, alfajiri hii? Kuna msiba?"

Kile kisu kidogo kilikuwa kimelala juu ya daftari lake, dirishani. Nilikitazama. Wivu ulikuwepo bado, mzima.

"Hakuna msiba. Beba futi yako," nikasema. "Kupaza aliuona mkulo wenye mbegu. Mimi najua njia tu."